Pampu Iliyomngoja Kidole

Kwanza ulisikika mlio. Choo cha Mama kilicheua kama mlevi, mara mbili, kikanyamaza kana kwamba kimeona haya, kisha kikaanza kutoa. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne, jua limewaka, watu wazima wako makazini wakijenga taifa, na yale yaliyotoka matumboni mwa mtaa mzima wa juu yakaingia ukumbini bila kupiga hodi.

Shangazi, ndivyo kazini walivyomwita, alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo alikuwepo. Alivuka kizingiti cha chumba cha mama yake na mabuti ya kazini miguuni, ndoo mkono mmoja, fagio la mpira mkono wa pili. Kitanda kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali, matatu kila mguu. Maji yalikuwa yameshafika kwenye tofali la kwanza. Nasema maji kwa sababu ya adabu tu. Kulikuwa na vipande ndani yake, na vipande vilikuwa vinaelea kwa madaha, vinagusana, vinaachana, kama wageni kwenye hafla.

Mama alikuwa na miaka themanini na moja. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi, na tangu siku hiyo hajashuka kitandani. Mgongoni ana kidonda cha upana wa kiganja, kidonda cha kulala. Muuguzi anayekuja kukifunga alishasema bila kupamba: "Uchafu huu ukikigusa kile kidonda, msiniite mimi. Waiteni wachimba kaburi."

"Leo wamekula nini hawa wa juu?" Mama aliuliza, pua kaifunika kwa shuka.

"Mama, usivute pumzi kwa nguvu."

"Nisivute pumzi? Unataka nife kwa heshima?" Akachungulia ukingo wa kitanda, akarudi haraka. "Umeme si umerudi? Feni hii inazunguka."

"Umerudi saa nzima sasa."

"Kama umerudi, hiyo pampu yenu inangoja nini?"

"Inamngoja Kidole, mama."

"Kidole cha nani?"

"Cha bosi."

Mama akafikiri kidogo. "Angekitia mahali pake pa siku zote hicho kidole, akatuacha sisi na pampu yetu."

Shangazi alicheka huku anasukuma uchafu kuelekea uani, na alipocheka, harufu ikamwingia mdomoni, akatema. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, kumi na tisa kati yake ameitumia kwenye kituo cha kusukuma majitaka, na alikuwa hajazoea. Wanaosema mtu huzoea wanafanya kazi benki.

Alimpigia simu fundi umeme wa kituo, bwana mmoja mrefu mwembamba wanayemwita Nyaya.

"Amefika?"

"Yuko njiani, Shangazi. Anasema anamalizia chai."

"Chai?"

"Na mayai."

Alimwomba jirani akae na Mama, akatoka na mabuti yake yaleyale, akashuka bondeni kwa miguu. Watu walimpisha njia. Si kwa heshima.

Kituo chenyewe kina mambo machache. Kuna shimo la zege lenye kina cha ghorofa mbili, linalopokea kila kinachoachiliwa na watu elfu kadhaa wanaojiona wasafi. Kuna chekeche ya chuma mdomoni mwa shimo, inayonasa vile ambavyo havikupaswa kutupwa chooni: matambara, nepi, meno ya bandia, na siku moja simu iliyokuwa bado inaita. Kuna pampu mbili za kusukuma yote hayo hadi kwenye mabwawa ya kusafishia, ng'ambo ya kilima. Na kuna kompyuta moja, rangi ya jino la mvuta sigara, iliyofungiwa kwenye chumba kidogo pamoja na ukoo wa mende, ambayo ndiyo inayoziambia pampu zizunguke au zisimame.

Umeme ukikatika, pampu zinasimama, na kuanzia hapo unazo dakika arobaini. Zikipita, shimo limejaa, na shimo likijaa linawarudishia wenyewe mali yao, likianza na wa chini. Nyumba ya kwanza kwa chini ni ya Mama.

Ungedhani basi kwamba umeme ukirudi, mambo yanakwisha. Hapana. Kompyuta ile hutumia mfumo wa jamii ya Yuniksi, na mifumo ya namna hiyo ina tabia moja ya kiungwana: haiwashi kitu ambacho hakuna mtu aliyeiambia iwashe. Ikiamka, huduma zake zote, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, zinakuja na skripti zao, yaani orodha za amri za kuwashia, zimepanga foleni kama vibarua getini. Mlangoni kuna faili moja dogo la maandishi matupu. Kila skripti inapofika mbele, faili linaangaliwa. Jina lako lina ndiyo mbele yake? Ingia kazini. Halina? Rudi ukalale. Huduma ya pampu haikuwa na ndiyo. Kwa hiyo kila umeme uliporudi, kompyuta iliamka vizuri tu, ikapiga miayo, ikawasha saa yake na mtandao wake, na pampu ikaziacha zimelala juu ya bahari ya kinyesi.

Mwenye haki ya kuziamsha alikuwa mtu mmoja. Mkuu wa kituo aliitwa Kidole kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, chenye ukucha mrefu alioutunza kama mtoto wa mwisho. Alikaa upande wa pili wa mji, mahali pasiponuka. Kila umeme ulipokatika, alipigiwa simu. Kila alipopigiwa simu, aliuliza "Tena?" kwa sauti ya mtu anayebembelezwa. Kisha alikuja, taratibu.

Shangazi alifika getini sambamba na gari lake. Wafanyakazi saba walikuwa wamesimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, ndiyo desturi. Mmoja alifuta kiti. Kidole alipita katikati yao na leso yenye manukato puani, akaketi, akafungua droo kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni, akatoa daftari jekundu. Ndani ya daftari hilo mlikuwa na amri tisa. Nne zilikuwa za kufuta skrini.

Akachapa. Tik. Tik. Tik. Mtu angeweza kupata mtoto, akamnyonyesha, akamwachisha ziwa, kati ya herufi na herufi. Kwanza aliwasha, kwa amri ya mara moja tu, huduma ya kipima, inayosoma majitaka yamefika kimo gani shimoni. Halafu akaagiza pampu iwashwe, na kompyuta, kama ilivyofanya kila mara kwa miaka tisa, ikakataa. Ikaandika mistari miwili ya Kiingereza.

"Tulia, tulia," Kidole akaiambia, kama anaongea na ng'ombe. Kwenye daftari lake imeandikwa hivi: *Hapa itagoma. Usijali.* Hatua inayofuata ni kurudia amri ileile ukiongeza maneno ya kuwasha kwa mara hii moja tu, na hapo pampu huunguruma, mtu fulani hupaza sauti "Mkono wa mkuu!", na wengine hupiga makofi. Ndivyo ilivyokuwa. Kidole alipenda kusubiri kidogo kabla ya hatua hiyo ya mwisho, ili watu wahisi uzito.

Lakini siku hiyo simu yake iliita kabla hajaifikia. Alikuwa fundi cherehani wake. Kidole akageuza kiti, akaanza kueleza jinsi koti linavyombana kwapani, na mistari miwili ya Kiingereza ikabaki kwenye skrini, imekaa tu, haina haraka.

Shangazi aliisoma. Kiingereza chake kilikuwa cha darasani, cha zamani, lakini kilitosha. Mistari ilisema, kwa ufupi: siwezi kuwasha pampu, nenda kwenye faili la mwanzo uandike pampu kuwa ndiyo, au niagize niiwashe kwa mara hii moja.

Akaisoma tena. Miaka tisa. Kila umeme uliporudi, kompyuta ile iliwaambia, kwa upole, bila kukasirika, bila kuchoka, jinsi ya kuacha upuuzi huu. Na kila mara mtu alisema tulia, tulia, na wakapiga makofi.

"Bosi, samahani," alisema Shangazi, Kidole alipokata simu. "Mashine inasema tuiandike pampu kwenye faili. Itajiwasha yenyewe umeme ukirudi."

"Inasema?"

"Hiyo hapo."

Kidole hakutazama skrini. Alimtazama yeye, kuanzia mabuti kwenda juu. "Shangazi, unanuka."

"Ndiyo, bosi. Ndiyo maana nauliza."

Nyaya akakohoa kuficha kicheko. Kidole akaiweka leso puani upya.

"Kitu kinachojiwasha chenyewe hakina adabu," alisema. "Leo kinajiwasha, kesho kinajizima, keshokutwa kinaomba likizo. Kama ningekuwa nasikiliza kila inachosema mashine, hapa ningekuwa na kazi gani?"

Lilikuwa swali zuri sana, na watu wazima saba wakatazama dari.

Chanzo cha yote haya ni upuuzi mtupu, na ni vizuri ujulikane. Fundi aliyeifunga kompyuta ile, miaka tisa nyuma, aliiacha pampu bila ndiyo kwa makusudi, kwa wiki mbili tu. Alikuwa bado anafanya majaribio, na hakutaka pampu ikurupuke yenyewe wakati kuna mtu ameingiza mkono ndani. Akaandika nusu ukurasa wa maelekezo, kichwa chake *Kwa siku za majaribio*. Kabla wiki mbili hazijaisha akapata kazi kwingine, akaondoka. Kidole akayanakili maelekezo yale kwenye daftari jekundu, akaruka kichwa cha habari kwa kuwa hakikuwa amri, na siku za majaribio zikaendelea miaka tisa. Himaya zimejengwa juu ya vitu vidogo kuliko hicho, na zinanuka vilevile.

Ijumaa ya wiki ileile Kidole aliwakusanya akatangaza kwamba anakwenda semina ya uongozi, wiki mbili, hotelini. Mvua zilikuwa zimeanza, na mvua na umeme wa mji ule hawakuwahi kukaa nyumba moja.

"Umeme ukikatika nipigieni," alisema. "Nitawatajia amri kwa simu. Lakini msipige wakati wa mada. Wala wakati wa chakula."

"Tupige lini, mkuu?" Nyaya akauliza.

"Kwenye mapumziko."

Shangazi alipiga hesabu kimoyomoyo. Dakika arobaini. Matofali matatu. Kidonda kimoja.

Jumatatu, saa nane na nusu mchana, alikaa kwenye kiti cha Kidole. Nenosiri la mkuu halikuwa siri. Lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi, na alipoipindua kibodi kulisoma, ikamwaga juu ya mapaja yake miaka tisa ya makombo ya maandazi, mbawa za mende, na vipande vya kucha. Kucha ndefu, zilizopindana, za njano. Yaani bwana yule alikuwa anakata kucha za mikono yote miwili palepale, na kuzitunza ndani ya kibodi kama akiba ya uzeeni. Mwanamke aliyekuwa ameshavuta nepi elfu kutoka kwenye chekeche kwa mkono wake alisimama, akatoka nje, akatapika kwenye maua.

"Shangazi," Nyaya alimwambia akimpa maji, "umebakiza mwaka mmoja na ushee ustaafu. Ukiguswa na barua sasa hivi utakiona cha mtema kuni."

"Mama yangu ana kidonda."

"Najua."

"Basi kama unajua, kaa tayari kwenye swichi kuu."

Akarudi ndani, akafuta kibodi kwa dawa ya chooni, akalifungua faili.

Lilikuwa fupi kuliko alivyotegemea. Mistari kumi na kitu, kila mmoja jina na neno. Saa: YES. Mtandao: YES. Printa: YES, ingawa printa yenyewe ilikufa miaka mitatu iliyopita na mende wamezaliana ndani yake vizazi. Kulikuwa na huduma nyingine asiyoijua, akaiangalia skripti yake, akakuta ni ya kutuma ujumbe kwa wafanyakazi wote kila mwaka kuwakumbusha siku ya kuzaliwa ya mkuu wa kituo. YES. Hiyo haikuwahi kukosa. Umeme ukatike, mafuriko yaje, mtaa mzima uogelee kwenye uchafu wa jirani yake, lakini tarehe ikifika, salamu zinakwenda.

Pampu haikuwemo kabisa. Wala hapana haikuandikwa. Ilikuwa haijatajwa.

Akashuka mwisho wa faili, akaandika: pampu_enable="YES". Alichapa kwa vidole vyote kumi.

Walisubiri pampu zilifyonze shimo hadi chini kabisa, ili jambo likiharibika wawe na muda. Nyaya akakata umeme. Kituo kikanyamaza, mende wakashangaa. Akaurudisha. Kompyuta ikaanza kuamka, maandishi yakapita mbio kwenye skrini, huduma moja baada ya nyingine ikiitikia jina. Ya pampu ikafika. Ikaitikia! Halafu ikaandika mstari mmoja, ikafa.

"Imekufa?" Nyaya akapiga kelele kutoka nje.

"Imekufa!"

"Inasemaje?"

"Inasema haina kipimo!"

Wakawasha kwa mkono, kipima kwanza, kisha pampu, kwa amri zile za Kidole ambazo Shangazi alizijua kama jina lake. Halafu akaketi kusoma. Safari hii alifungua skripti ya pampu yenyewe, akaisoma kuanzia juu, mstari kwa mstari, anatikisa midomo. Karibu kabisa na mwanzo kulikuwa na sharti: pampu inamhitaji kipima. Sasa, kama sharti limeandikwa, mbona kipima hakuja?

Ilimchukua nusu saa na kikombe cha chai kuelewa, na alipoelewa aligonga meza. Sharti lile hupanga foleni tu. Linasema: kama kipima yupo, atangulie. Halimwiti mtu ambaye jina lake halimo kwenye faili. Yeye alikuwa amempa pampu ruhusa ya kuingia na kumsahau kipima nje ya geti. Pampu ikaingia, ikauliza shimo lina kimo gani, hakuna wa kujibu, na kwa usalama wake ikajizima, maana pampu ikizunguka kavu inaungua. Ilikuwa na akili kuliko nusu ya watu waliopewa gari la ofisi.

Akaongeza mstari wa pili, wa kipima. Nyaya akakata umeme tena. Akarudisha.

Maandishi yakapita. Kipima akaitikia. Pampu akaitikia. Sekunde kumi, ishirini. Halafu sakafu ikatetemeka chini ya mabuti yao, na mngurumo ukapanda kutoka shimoni bila leso ya manukato, bila kiti kufutwa, bila mtu kumwita mtu.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamesahau kwamba mikono inaweza kufanya hivyo kwa furaha.

Katika siku nane zilizofuata umeme ulikatika mara tano. Mara zote ulirudi ndani ya nusu saa, na mara zote pampu ziliamka zenyewe. Choo cha Mama kilikaa kimya kama kimeapishwa. Muuguzi akafungua kidonda, akakiangalia, akasema kinaanza kukauka pembeni. Siku ya tisa simu ya kituo iliita.

"Huko umeme haukatiki?" aliuliza Kidole. Nyuma yake zilisikika sahani.

"Umekatika mara tano, bosi," alijibu Shangazi.

"Mara tano! Na hamkunipigia?"

"Hatukutaka kukukatisha mada."

"Nani amewasha pampu?"

"Zimejiwasha."

Kwenye simu Shangazi alisikia mtu akiuliza nani anataka nyama zaidi.

Kesho yake asubuhi Kidole alikuwa getini, siku za semina zikiwa bado hazijaisha. Hakuna aliyekuwa amesimama mlangoni. Kiti hakikufutwa. Aliingia akamkuta Shangazi anaandika kimo cha shimo kwenye kitabu cha zamu.

"Rudisha kama ilivyokuwa."

"Rudisha mwenyewe, bosi. Mimi siruhusiwi kugusa mashine."

Kidole akaketi. Akafungua daftari jekundu, akapekua kurasa mbele, akapekua nyuma. Kusimamisha pampu alijua. Akazisimamisha. Kisha, kwa uso wa mshindi, akaiwasha kompyuta upya ili wote waone nani mwenye nyumba. Kompyuta ikazimika, ikaamka, ikasoma faili lake, na baada ya dakika mbili sakafu ikatetemeka. Pampu hizo.

Akazisimamisha tena. Akawasha upya tena. Pampu hizo.

Mara ya tatu jasho lilikuwa limeshafika kwenye kola. Nyaya alikuwa amejiegemeza mlangoni anakula karanga.

"Nani ameiambia?" Kidole akanong'ona. "Imeandikwa wapi?"

Hapo ndipo walipoelewa, wote kwa pamoja, na ilikuwa aibu kumtazama. Hakujua. Miaka tisa ya kiti, leso na makofi, na hakujua hilo faili liko wapi. Mistari ile miwili hakuwa ameikataa; hakuwahi hata kuisoma. Alikuwa amebonyeza kitufe gizani na kuitwa jua.

Mtu mwingine angeondoka. Lakini watu wa aina hii hawaaibiki, hubadilisha mada tu. Mchana huohuo makao makuu walipiga simu. Malalamiko ya mtaa wa chini, walisema, yalikuwa yakija kila wiki tangu enzi; sasa siku kumi hakuna hata moja. Kuna nini? Na Kidole, mlango wazi, kila mtu anasikia, akajibu kwa sauti ya kitabuni: "Ni mfumo mpya wa kujiendesha ambao nimekuwa nikiubuni kwa muda."

Alipokata simu akamwita Shangazi, akafunga mlango. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili, na moja ilikuwa yake ya kusaini.

*Mimi niliyetia saini hapa chini nakiri kwamba niligusa mitambo bila idhini na kuhatarisha kituo, na ninamwomba radhi mkuu wa kituo.* Adhabu yake: onyo kwenye jalada, na kuhamishiwa kwenye kusafisha chekeche mpaka atakapostaafu.

"Na ile ya pili?" aliuliza Shangazi.

"Ya pili ni ripoti yangu. Haikuhusu."

"Inahusu mfumo uliobuni."

"Shangazi, usinichoshe. Unasaini, tunasahau. Husaini, naleta mtaalamu kesho. Atafuta ulichoandika, chochote kile, popote kilipo, na tutarudi kwenye utaratibu. Unaukumbuka utaratibu."

Aliukumbuka. Aliukumbuka hadi tofali la kwanza.

Alimwangalia usoni. Alikuwa mtu msafi sana: kola nyeupe, ndevu zimechongwa, ukucha umeng'arishwa. Shangazi alikuwa ameshika vitu vingi katika kazi yake, na vyote, alijiambia, vilikuwa na haki ya kuwa pale vilipokuwa. Kinyesi hakijawahi kudai kwamba kimebuni choo. Akaichukua kalamu ya Kidole kwa ncha za vidole viwili, kama anavyotoa kitu kwenye chekeche, akasaini, akaiachia idondoke mezani.

"Na utaisoma mbele ya wenzako," alisema Kidole. "Kwa sauti."

Aliisoma. Wenzake walisimama mlangoni wakitazama viatu vyao. Alisoma bila kujikwaa, kila neno, radhi na idhini na mitambo, na alipomaliza Kidole alijipigia makofi peke yake, pa, pa, pa. Kisha mama wa watu akavaa glovu ndefu, akaenda chekecheni, akavuta nepi.

Siku ya tatu ya adhabu alikuwa na mapumziko. Alikuwa anambadilishia Mama bendeji, kidonda kimeanza kupungua, redio inaongea, feni ilipopunguza mwendo ikasimama. Umeme umekwenda. Wote wawili wakatazama mlango wa choo.

"Dakika arobaini," alisema Mama.

"Kimya, nahesabu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Dakika ishirini na tano zilipita, feni haijagusika. Thelathini. Thelathini na tano. Shangazi alivaa mabuti, akasimama mlangoni mwa choo na fagio. Maji ndani ya bakuli yalipanda kidole kimoja, yakapanda viwili, meusi, na kitu kikatokeza kichwa, kikachungulia.

"Kimekuja?" Mama akaita.

"Kinachungulia."

"Kiambie hakuna mtu."

Feni ikajikuna, ikaanza kuzunguka. Redio ikaingia katikati ya neno. Shangazi hakusogea. Alijua sasa hivi bondeni kompyuta inasoma faili, jina kwa jina, kipima, ndiyo, pampu, ndiyo. Kama Kidole hajaleta mtaalamu. Kama hajavunja neno, mtu ambaye hajawahi kuwa na neno. Dakika moja. Maji yalifika ukingoni mwa bakuli, yakatetemeka hapo, yakikuna kauri.

Kisha choo kikavuta pumzi ndefu, koo lake likakoroma, na vyote vikashuka kwa mkupuo mmoja, vikaacha mduara mweusi.

"Kimeshuka?"

"Kimeshuka, mama."

"Wote hao wa juu?"

"Wote."

"Haya, vua hayo mabuti uje unigeuze. Na unawe kwanza, mwanangu. Unanuka ofisi."